Sichinji Kuku kwa Sababu ya Rangi ya Mayai

Jumapili, jioni. Nyaishozi.

Mvua imetupiga tangu tulipotoka kanisani, sasa imebaki kudondoka tu kutoka kwenye migomba. Nimekaa barazani na simu yangu, vidole bado vinanuka vitunguu. Nina hasira, lakini si ile niliyoamka nayo. Ile ya asubuhi ilitaka kupigana. Hii ya sasa imetulia, imekaa kama mgeni aliyeshaonyeshwa kitanda chake.

Naandika kwa sababu habari hii imeshafika Kituntu, na huko ilikofika kuku wangu wanaongea Kinyambo kama watu. Bora niiandike mwenyewe jinsi ilivyokuwa.

Mwanzoni mwa mwaka huu mume wangu, Baba Alinda, alikwenda Murongo kuuza maharage akarudi na jogoo. Alimpata kwa mchuuzi aliyevuka kutoka Uganda na matenga ya kuku juu ya bodaboda. Jogoo wa kawaida, ila manyoya yamemvimba mashavuni kama mzee mwenye ndevu. Tukamwachia atembee na majike yetu. Vifaranga wake wakakua, na mwezi wa nane wale wa kike wakaanza kutaga.

Yai la kwanza aliliona Alinda, binti yetu. Alikuja mbio amelishika kwa mikono miwili. "Mama! Kuku ametaga rangi ya zahanati!"

Kweli. Zahanati yetu imepakwa ile rangi isiyojua kama ni buluu au kijani. Yai lilikuwa hivyo hivyo, laini, safi, kama limechovywa.

Mimi nafundisha biolojia sekondari. Kila mwaka nikifika kwenye mageuzi ya viumbe nachora ubaoni ndege wa visiwa ambavyo sitavifika, na wanafunzi wananakili huku wanasinzia. Sasa somo lenyewe lilikuwa limetagwa kwenye majivu ya jiko langu. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Wiki ile nilikuwa mtu wa kuchosha, nakiri. Kila aliyekaa karibu nami alisikia habari za mayai. Kwamba mayai ya kale yalikuwa meupe, kama ya mamba wa Mto Kagera mpaka leo, maana yai lililofukiwa mchangani halionwi na mtu, rangi ya nini? Kwamba rangi ilianza pale mayai yalipoachwa wazi juu ya ardhi, enzi za wale wanyama wakubwa mno waliotoweka, ambao ndege ni uzao wao. Kwamba mdiria anayechimba tundu kwenye ukingo wa mto bado anataga meupe, na kigogota anayetoboa mti vilevile, kwa kuwa gizani hakuna wa kumficha.

Na wale ndege wa njano wanaotuchania majani ya migomba ili washone viota! Majike wao hawatagi sare. Huyu yake meupe, yule ya buluu, mwingine yana madoa. Kuna ndege mvivu anayepenyeza yai lake kwenye viota vya wenzake ili mtoto wake alelewe bure. Jike anayelijua yai lake kwa rangi hulitupa la mgeni. Kizazi hadi kizazi mwizi anaiga, mwenye nyumba anabadilisha. Mashindano yanaendelea juu ya vichwa vyetu na sisi tuko chini tunalalamikia majani.

Baba Alinda alisikiliza yote hayo kisha akauliza kama yanalika.

Yalilika. Na mtu wa kwanza niliyempelekea alikuwa wifi yangu Kemilembe.

Kemilembe ni mdogo wake mume wangu, ameolewa ng'ambo ya shamba letu, na nyumba yake naiona nikisimama kwenye mibuni. Aliingia kwenye ndoa akakaa miaka bila mtoto, akavumilia maneno ya watu wote wanaojua kuhesabu, halafu mwaka huu akapata mimba. Nilimpelekea mayai karibu kila asubuhi nikienda shule. Aliyapenda ya kuchemsha, na chumvi kidogo, pembeni ya ndizi. Alisema anakula mbingu.

Mwezi wa tano wa mimba, damu ikaanza kumtoka. Mumewe alimbeba kwenye pikipiki, wakafika hospitali, lakini mtoto hakupona. Daktari alieleza kwamba kondo la nyuma liliachia kabla ya wakati, kwamba hutokea, kwamba hakuna alichokosea.

Hakuna aliyetaka kusikia "hutokea."

Mama mkwe ndiye aliyesema kwanza. Alisema nyumbani kwake, akasema kisimani, akasema kwenye kikundi cha akina mama cha kanisa: ni yale mayai. Yai la rangi ile si la kuku. Baada ya siku chache duka la pale njia panda lililokuwa linachukua mayai yangu likaacha. Muuzaji hakuniambia sababu. Alisema tu, "Mwalimu, wateja," akaangalia pembeni. Alinda alirudi kutoka shule analia kwa kuitwa mtoto wa yai.

Kisha ukaja ujumbe kutoka kwa mama mkwe: niwachinje kuku wote, jogoo pia, na wasiliwe, wachomwe.

Nilikwenda kwake. Nilidhani nikieleza vizuri itaisha. Nimefundisha watoto wagumu, nitashindwaje na mama mmoja aliyenipokea vizuri siku ninaolewa?

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Hakuniambia nikae.

Nikakaa hata hivyo. Nikapasua yai moja la buluu kwenye sufuria yake, na moja la kahawia alilokuwa nalo. Nikamwonyesha kwamba la kahawia limepakwa nje tu, ndani ya ganda ni jeupe, ila la buluu limekolea mpaka ndani.

"Unaona?" nikasema. "Ni tofauti ya wakati rangi inapoingia tu."

"Naona," akasema. "Limeoza mpaka ndani."

Nikaendelea, mjinga mimi. Nikasema zamani sana virusi viliingia kwenye asili ya hao kuku vikabaki humo, havidhuru mtu, vinawasha tu rangi ambayo kwa kuku wengine imelala. Nikasema rangi yenyewe inatokana na damu, ndiyo hiyohiyo tunayoiona mwili ukigongwa, pale panapopona pakageuka kijani.

Alisimama. "Damu. Umesema mwenyewe, Mama Alinda. Virusi na damu. Na ukampa mwanangu."

Nilitoka pale. Maelezo yangu yote yalikuwa sahihi na kila moja lilimwumiza.

Ni lazima niseme kitu hapa kwa haki yake. Mama mkwe alilelewa kwenye nyumba ambayo mwanamke hali yai. Wala kuku, wala senene, wale panzi wa msimu wa mvua, ingawa mikono ya wanawake ndiyo iliyowakamata senene hao, ikawanyonyoa, ikawakaanga, wanaume wakala. Alianza kula yai akiwa mama wa watoto wanne. Woga huo hakuununua juzi. Alipewa akiwa mdogo, kabla hajajua kuuliza.

Lakini mimi sikupewa. Na Alinda sitampa.

Nyumbani Baba Alinda aliniambia, "Si uwachinje tu? Ni kuku. Amani iwepo."

Nikamwambia, "Nikiwachinja leo, nimekubali kwamba niliua."

Alikwenda kukagua kahawa iliyoanikwa, ambayo alikuwa ameshaikagua.

Na hapa ndipo penye aibu yangu. Kuna siku kadhaa niliogopa. Mimi, mwalimu. Nilimfuata nesi wa zahanati nikamuuliza, kwa mzunguko, kana kwamba naulizia mwanafunzi, kama yai lolote linaweza kumtoa mtu mimba. Alinitazama kwa huruma akasema, "Mwalimu, yai ni yai." Nilitembea kurudi nikijilaumu kwa kuuliza. Maneno yakisemwa na watu wengi yanaingia hata kwa anayejua.

Tena sikwenda kukaa na Kemilembe. Waliniambia hataki kuniona, nikaamini haraka, kwa sababu ilinirahisishia. Nilisimama tu kwenye mibuni, nikatazama moshi wa jiko lake, nikarudi ndani.

Nilikuwa nawaza sana juu ya macho. Jicho letu lina aina tatu za vipokezi vya rangi. La kuku lina nne. Anaona hata mwanga ulio ng'ambo ya zambarau, rangi ambayo sisi hatuna jina lake. Mababu zetu wa kale kabisa, wanyama wadogo wenye manyoya, waliishi kwa kujificha gizani, na humo wakapoteza sehemu ya rangi, tukaja kurudishiwa kiasi tu. Ndege hawakujificha. Hawakupoteza kitu. Basi nilikuwa nikiwatazama kuku wangu wanavyochakura, wanaona manyoya yao kwa namna ambayo mimi sitaiona hata niishi vipi, halafu nakumbuka kwamba kijiji kizima kimekasirika kwa rangi moja, tena ile tunayoweza kuiona.

Leo ilikuwa sikukuu ya mavuno.

Kila mtu hupeleka alichovuna, na baada ya ibada vitu vinanadiwa nje. Mikungu ya ndizi, maharage, kahawa, mbuzi anayepiga kelele, mifuko ya senene maana ndio msimu wao. Mwaka jana nilipeleka maharage. Leo nilijaza kikapu mayai ya buluu, yote ya buluu, sikuchanganya hata moja jeupe. Nikayapanga juu ya majani makavu ya mgomba. Baba Alinda aliniona, akafungua mdomo, akaufunga. Akabeba mwavuli. Tukatoka.

Mzee wa kanisa anayenadi ni mtu wa utani. Alimnadi mbuzi kama bwana harusi, watu wakacheka. Akanadi senene, wakagombewa. Kisha akanyanyua kikapu changu. Utani ukamwishia.

Nilisikia mbuzi anatafuna.

"Haya," akasema mwishowe, sauti imempungua. "Mayai. Kutoka kwa Mwalimu. Nani anaanza?"

Hakuna.

Mama mkwe alisimama kutoka kwenye benchi la akina mama. Alisema polepole, kila mtu akasikia. "Mzee, weka chini hicho kikapu. Kimekula mjukuu wangu."

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Ilitoweka. Nikasimama, na kitu cha kwanza kilichonitoka kilikuwa salamu, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia.

"Sikuja kukuaibisha," nikasema. "Nimeleta nilichovuna, kama kila mtu." Kisha nikageukia watu, na hapo hasira ikanisaidia. "Mmetoka kununua senene sasa hivi. Wako wa kijani, wako wa kahawia, wako wachache wa zambarau. Nani amewatenga wa zambarau akawachoma? Nani ameuliza senene wa kahawia ameua nani? Mmefunga mifuko mnaenda kukaanga wote pamoja. Rangi ya senene ni kazi ya Mungu, rangi ya yai ni kazi ya nani?"

Nyuma huko mtu alicheka. Mwingine akasema, "Mwalimu ana hoja." Lakini mkono haukunyanyuka. Mchungaji alikuwa anatazama viatu vyake. Nikaona nitabeba kikapu changu kurudi nacho, mbele ya wanafunzi wangu, na nikaapa kwamba nitakibeba kichwani, nimenyoosha shingo.

Hapo ndipo Kemilembe alipokuja mbele.

Sikujua hata kama alikuwepo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka tangu hospitali. Amekonda, kitenge kimemzidi. Alipita katikati ya watu, wakampisha kama wanavyopisha jeneza, na nadhani hilo lilimkasirisha zaidi.

"Mama," akasema, "nakuheshimu. Lakini mtoto alikuwa tumboni mwangu, hakuwa kwenye kikapu hiki."

"Kemi, kaa," mama yake akamwambia.

"Nimekaa sana." Alikuwa hapigi kelele. "Tangu nitoke hospitali kila anayekuja kunipa pole ananiuliza nilikula mayai mangapi. Nilikula asubuhi au jioni. Yalikuwa na harufu gani. Hakuna aliyeniuliza mtoto alikuwa wa kike au wa kiume. Hata mmoja. Mmemwondoa mtoto wangu, mkaweka yai mahali pake. Halafu mnataka nishukuru."

Mvua ilikuwa imeanza, matone makubwa ya kwanza. Hakuna aliyekimbia.

Akamgeukia mnadi. "Baba, kikapu nanunua mimi." Akataja bei. Ilikuwa bei ya kawaida ya mayai, si zaidi, si chini. Nilimpenda kwa hilo.

Yule mzee akakiinua kikapu. "Nani anaongeza?" Akatazama kulia na kushoto. "Basi. Ya Kemilembe." Akampa kikapu kwa mikono miwili.

Mama mkwe alijifunga kanga yake kichwani akaondoka, peke yake, kwenye mvua. Hakutazama nyuma. Mume wangu alinitazama mimi, akamtazama dada yake, kisha akafungua mwavuli akamkimbilia mama yake. Alifanya sawa. Nilikuwa nimemkasirikia kwa siku nyingi na leo alifanya sawa.

Mimi na Kemilembe tulitembea tumelowa mpaka kwake. Sikusema neno, na kwa mtu kama mimi hiyo ni kazi. Alinda alitangulia na kikapu, hatukudondosha hata moja. Tukawasha jiko. Nikakata vitunguu na nyanya, yeye akapasua mayai, akaangalia ndani ya ganda moja kwa muda mrefu.

"Kweli yamekolea mpaka ndani," akasema.

"Ndiyo."

"Mazuri."

Akalitupa ganda kwenye majivu akapasua jingine.

Tulikula na ndizi zilizobaki za jana. Aliponiambia, aliniambia bila mimi kumuuliza, na bado naona vibaya kwamba sikuwa nimemuuliza.

"Alikuwa wa kike, wifi. Nilimwita Kokugonza. Sijamwambia mtu, hata baba yake."

Kokugonza ni jina linalotokana na kupenda. Tukalia pale jikoni, Alinda katikati yetu ameshika kijiko hajui amtazame nani, na mayai yakapoa. Baadaye Kemilembe alifuta uso, akala yaliyopoa, akasema yangehitaji chumvi zaidi. Nikamwambia kwamba niliposikia hataki kuniona, nilichagua kuuamini uongo huo. Akasema na yeye aliambiwa mimi ndiye ninayemkwepa.

"Hukuambiwa uongo," nikasema.

"Najua. Nilikuwa nakuona kwenye mibuni."

Sasa niko barazani. Baba Alinda amerudi kutoka kwa mama yake, ananiambia njia nzima mama alikubali mwavuli tu. Hakuna aliyekuja kuniomba radhi na sisubiri. Duka la njia panda likikataa mayai yangu kesho, nitayauza shuleni kwenye chumba cha walimu. Likikataa mwezi ujao, nitatafuta wateja Kyerwa, nitawatafuta Murongo kwenyewe. Jogoo mwenye ndevu anabaki. Vifaranga wanaoanguliwa watataga wanachotaga. Nikifika kwenye mada ya mageuzi mwaka ujao sitachora visiwa vya mbali, nitaweka yai mezani, na mzazi mwenye swali aje, mlango wa darasa langu hauna kufuli.

Sichinji. Niliandike hapa ili nisije nikajidanganya siku nikichoka.

Lakini kuna jambo linanisumbua tangu nilipotoka kwa Kemilembe. Mimi nilikwenda kwa mama mkwe nikiwa na yai mkononi na somo mdomoni. Yule mama naye amefiwa. Alikuwa anamngoja mtoto huyo kwa miaka ile yote ambayo binti yake alikuwa anachekwa, na hakuna aliyempa pole yeye kama bibi. Mimi nilimpa ganda.

Kesho baada ya vipindi nitakwenda tena kwake. Mikono mitupu. Akisema habari za kuku nitamjibu kwamba wapo na wataendelea kuwapo, sitapindisha. Lakini sitaanza na hilo. Kemilembe amenipa ruhusa ya kumpelekea jina. Nitamwamkia, nitakaa hata asiponikaribisha, na nitamuuliza alikuwa anatamani Kokugonza afanane na nani.